Pua ya Karakana

Watu wa karakana ya ndege walikuwa wamelisahau jina lake. Walimwita Pua, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Enzi zake aliweza kupanda ndani ya ndege, akavuta pumzi, akakwambia bila kubahatisha: haya ni mafuta ya breki, huu ni waya umeungua, hii injini imemeza kunguru. Wakifungua, wanakuta ndivyo. Ikawa desturi ya pale. Rubani akilalamikia harufu, hakuna anayegusa spana kabla Pua hajapanda. Alivua kofia, akapenga kamasi kwenye leso safi, akakaa kiti cha katikati, akafumba macho. Akisema "safi," anagonga muhuri wake na ndege inaruka.

Tusidanganyane. Ile pua ilishakufa. Ilikufa kwa mafua mabaya yaliyomlaza kitandani msimu wa mvua wa mwaka uliopita, mafua yakaondoka na harufu zote za dunia. Alipopona alinusa sabuni, hakuna kitu. Akanusa kitunguu, hakuna kitu. Alichovya kidole kwenye mafuta ya injini, akakipeleka puani, ikawa kama ananusa maji. Akangoja irudi, haikurudi.

Mtu mwenye akili angesema. Angepangiwa kazi nyingine, maana mikono yake ilikuwa mizima na ufundi anaujua. Lakini bila ile pua angekuwa fundi kama mafundi wengine, na Pua aliona heri kufa kuliko hilo. Akaendelea kuvua kofia, kupenga kamasi, kufumba macho na kutamka "safi." Kwa kuwa ndege nyingi huwa safi kweli, mambo yakaenda. Yalikwenda hivyo mpaka shemeji yake alipoanza kulalamika.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mke wake, mhudumu mkuu kwenye ndege zilezile alizozikagua Pua. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu siku za uchumba, pale msichana yule alipomuuliza dada yake, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Kweli unaolewa na dumu la mafuta?" Watu walicheka, na utani wa mashemeji ukishachekwa huwa umekwisha. Pua hakuumaliza. Aliubeba moyoni miaka yote, akampa binti wa watu jina la Bi Marashi, na karakana nzima ikalidaka.

Sasa Bi Marashi alikuwa amesimama ofisini kwa Meneja, chumba chenye dirisha kubwa la kioo linalotazama ndege zilizofunuliwa matumbo. Mafundi wawili watatu walikuwa mlangoni. Pua aliegemea kabati, mikono kifuani.

"Meneja, hii ndege inanuka," alisema Bi Marashi. "Tukiwa bado chini, milango imefungwa, wakiwasha ile injini ya mkiani, hewa ikianza tu kuingia, zinanuka soksi zilizolala kwenye maji. Baadaye inapungua. Mwenzangu jana alitapika. Mimi ulimi unaniingia ganzi, kichwa kinauma mpaka kesho yake."

"Soksi," alisema Pua. "Umeuliza kama rubani ameoga?"

Mafundi wakacheka.

"Nacheka na wewe?"

"Shemeji, hayo marashi unayojimwagia yanaangusha nyuki. Ukisikia harufu mbaya anza kujinusa mwenyewe. Mimi nimepanda humo, nimepanda tena, nimesema ni safi."

"La kuvunda halina ubani. Cheka mpaka mbavu ziume, linanuka tu."

Fundi umeme, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikohoa kidogo. "Hata mimi juzi nilihisi kama..."

"Wewe ni mtu wa nyaya," Pua alimkata. "Kanuse nyaya."

Fundi umeme akanywea. Hapa naomba tusimuonee Pua huruma, kwa sababu alilijua jambo lile kuliko wote waliokuwa mle chumbani. Ndege ikiwa imesimama, hewa ya abiria haitoki mbinguni. Inatoka kwenye injini ndogo iliyofichwa mkiani. Injini ile hukamua hewa, hewa ikapata moto wa kubabua ngozi, ikapita kwenye mabomba na vipoozeo, halafu ikamwagwa juu ya vichwa vya watu ikiwa ya baridi na ya kupendeza. Kati ya hewa hiyo na mafuta ya kulainishia injini kuna sili, pete tu. Pete ikichakaa, mafuta yanapenya, yanaungua, na mvuke wake unaingia moja kwa moja mapafuni mwa watu. Harufu ya soksi mbichi ndiyo dalili yake ya kwanza. Mwenyewe Pua alikuwa akiwafundisha hivyo mafundi wapya, zamani, pua ikiwa hai. Na mvuke ule haubagui, unamfikia na rubani.

Alijua yote hayo. Na bado alipomwona yule mwanamke ametoa macho kwa hasira, alichohisi ni utamu.

Meneja alikuwa mtu wa kuchoka haraka. Alijipangusa uso. "Abiria wameanza kuuliza maswali. Ndege ikichelewa, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Sasa sikilizeni. Mama, ukilalamika tena, Pua atapanda mbele yangu. Akikuta harufu, tunafungua injini. Akikuta safi, wewe utashuka kwenye ndege. Nakupeleka kaunta ukapime mabegi."

"Kwa hiyo kazi yangu iko puani kwa huyu?"

"Iko kwenye pua ambayo haijawahi kukosea."

Bi Marashi alimgeukia shemeji yake, akamtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kutemea mate. "Sawa," akasema. "Kesho kutwa tunarudi na ndege hiyo. Nitalalamika."

Katikati ya hapo ikaangukia Jumapili, na Jumapili ukoo wote ulikula kwa mama mkwe. Pua alikwenda kifua mbele. Alikaa ukumbini, akajibu maamkizi, akahadithia injini kama kawaida yake. Mtu huyu akipata meza na masikio hukuelezea vali na mabomba mpaka chakula kipoe, na mke wake alikuwa amezoea kuitikia "enhe" huku akigawa sahani. Bi Marashi alikuwa uani anaanua nguo, na hawakusalimiana.

Baada ya chakula mama mkwe alitaka chai. Sufuria ya maji ilikuwa imewekwa jikoni kitambo. Kumbe maji yalichemka, yakafurika, yakauzima moto, na gesi ikaendelea kumwagika taratibu jikoni bila moto. Pua, ambaye siku hiyo alitaka kuonekana mkwe mwema, aliinuka.

"Kaeni. Mimi nitaichochea hiyo chai."

Aliingia jikoni, akaona jiko halina moto, akachukua kiberiti dirishani. Alitoa njiti. Alikuwa ameshaiweka kwenye ubavu wa kiberiti pale mlango wa uani ulipofunguka, na mkono ukampiga kiganjani kwa nguvu hivi kwamba kiberiti kiliruka mpaka chini ya meza.

"Unataka kutuua?" Bi Marashi alipiga kelele. Alikuwa ameziba pua kwa kanga. Alifunga jiko, akasukuma madirisha yote, akamkokota nje. "Nyumba nzima inanuka gesi! Mimi nimeisikia kutoka kwenye kamba ya nguo!"

Pua alijinyoosha shati. "Nimeisikia. Ndiyo nilikuwa naenda kuifunga."

"Kwa kiberiti?"

Mke wake alikuwa amefika mlangoni, ameshika kikombe kitupu. Alimtazama mume wake, kisha akakitazama kiberiti sakafuni. Bi Marashi, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kumwambia, alimkazia macho tu, na Pua akaona jambo linaingia kichwani mwake na kukaa.

Walipokuwa wanarudi nyumbani mke wake aliuliza mara moja tu. "Baba watoto, uliisikia ile gesi?"

"Si nimesema niliisikia?"

"Haya."

Jioni ile mke wake aliaga kwamba anarudi kwa mama kuchukua vyombo. Pua hakumsikiliza, alikuwa na mahesabu yake. Bi Marashi amejua. Kesho akisema ndege ni safi, yule mwanamke atamwambia Meneja, "Mpime," na kumpima mtu pua hakuhitaji daktari, kitambaa chenye mafuta kinatosha. Lakini je, akikubaliana naye? Akisema, "Ndiyo, inanuka," nani atampima mtu anayekubali? Injini itafunguliwa. Sili ikiwa imechakaa, Pua ndiye aliyeigundua. Isipochakaa, basi kuna kitu kingine, injini hazikosi kitu. Na Bi Marashi atabaki angani na atalazimika kumshukuru. Aliona ameupata mlango wa nyuma. Alilala usingizi mzuri, na hilo nalo simsamehe.

Siku ya pili yake ndege ilirudi, abiria wakashuka, ikavutwa mpaka mbele ya karakana, na Bi Marashi akalalamika kama alivyoahidi. Meneja alipanda na tai yake, amenuna. Kapteni, mwanamume mnene wa maneno machache, alibaki kwenye kiti chake cha mbele, mlango wa chumba chake wazi. Bi Marashi alifunga milango ya ndege kwa mkono wake mwenyewe, akaja kukaa ng'ambo ya njia, sambamba na shemeji yake aliyekwishakaa kiti cha katikati. Siku hiyo hakuwa amejipulizia kitu, lakini hilo Pua angelijuaje?

"Kapteni, washa," alisema Bi Marashi.

Kule mkiani injini ndogo ilianza kulia, kwanza kama mbu, kisha kwa sauti nene iliyotulia. Taa zikawaka, na feni za ndani zikaanza kuvuma juu ya vichwa vyao.

Pua alivua kofia. Alipenga kamasi, akakunja leso, akafumba macho. Siku nyingine yoyote masikio yake yangemwambia kitu. Injini ile ina tabia: ukianza kuikamua hewa, inashusha sauti, inaguna kama mtu aliyetwishwa gunia, na hewa inakuja kwa kishindo kwenye matundu. Fundi yeyote wa pale analijua hilo akiwa usingizini. Lakini Pua alikuwa ameshughulika na uongo, anaupanga vizuri mdomoni, na mtu hawezi kufanya yote mawili. Alivuta pumzi ndefu. Akaitoa. Akavuta nyingine, akakunja uso kama mtu aliyeonja dawa.

"Mh," alisema. "Mh! Shemeji, samahani."

Meneja alishtuka. "Nini?"

"Inanuka. Soksi kabisa, soksi mbichi." Alipoona Meneja amemkodolea macho, akaanza kutia chumvi. "Na nyuma yake kuna mafuta yaliyoungua. Hii ni sili ya injini ndogo, Meneja, siyo kitu kingine. Ilikuwa inajificha, inakuja na kuondoka. Leo imejileta. Huyu bibi alisema kweli, na mimi nasema mbele yenu."

Alifumbua macho akingoja kuona shukrani kwenye uso wa Bi Marashi. Uso ule ulikuwa mkavu.

"Umeisikia tangu lini?" akauliza.

"Tangu alipowasha."

"Una hakika, shemeji? Pua haijakosea?"

"Unanijua mimi."

"Nakujua." Alipaza sauti bila kumwondolea macho. "Kapteni! Vali ya hewa ya injini ya mkiani ikoje?"

"Imefungwa," Kapteni alijibu kutoka mbele. "Kama ulivyoniomba. Sijaifungua."

Feni ziliendelea kuvuma. Meneja alitazama juu kwenye matundu, akamtazama Pua, akatazama tena juu.

"Sijaelewa," alisema, ingawa uso wake ulionyesha kwamba anaanza kuelewa.

"Injini inawaka, inatupa umeme," alisema Bi Marashi. "Taa ni umeme, feni ni umeme. Hewa yake bado haijaingia humu hata kidogo. Hii tunayovuta ni ileile tuliyoingia nayo mlangoni. Humu hakuna harufu yoyote, Meneja. Wewe unasikia chochote?"

Meneja alivuta pumzi. "Hapana."

"Huyu amesikia soksi, na mafuta yaliyoungua kwa nyuma."

Pua alitafuta maneno, akapata yale ya kijinga. "Nani amekufundisha wewe mambo ya vali?"

"Dada."

"Nani?"

"Mke wako. Miaka yote unamhubiria injini mezani, ulidhani hasikilizi? Jana jioni alikuja chumbani kwangu, akaniambia, 'Usimpime kwa kitambaa, atakataa, atasema ana mafua. Mwambie rubani awashe injini na aache vali imefungwa. Akishasema amesikia, hatakuwa na pa kutokea.' Yeye ndiye aliyepanga. Alilia, lakini alipanga." Aliinama kumkaribia. "Mimi nimekuchukia tangu ulipotia mguu kwetu, shemeji, na wewe umenichukia, na sijui kama tungeacha. Nilidhani wewe ni mtu wa majivuno tu. Sikujua kwamba unaweza kuwapandisha watu angani, rubani anavuta sumu, ukijua huwezi kuisikia, ili mradi usiitwe fundi wa kawaida."

"Ilikuwa irudi," alisema Pua. "Nilikuwa nangoja irudi."

"Tangu lini?" Meneja aliuliza.

Pua aliinamia leso yake. Meneja alinyoosha mkono, kiganja juu. Ilichukua muda kabla mkono wa Pua haujakubali kwenda mfukoni. Muhuri ulitoka, mweusi, umelainika kwa kushikwa, akauweka kwenye kile kiganja, na kiganja kikafumba.

"Kaunta nitakwenda au siendi?" Bi Marashi aliuliza.

"Huendi," Meneja alisema bila kumtazama. Aibu ilikuwa imemshika naye, maana pua ile ni yeye aliyeifanya sheria.

"Basi bado hujaisikia yenyewe. Kapteni, sasa fungua."

Safari hii Pua alisikia. Sauti ya injini ilishuka, ikaguna, na hewa ikaja kwa kishindo kwenye matundu yote. Alivuta pumzi kwa nguvu zake zote, kifua kikajaa mpaka kikauma. Aliomba. Aliomba apate japo kidogo, japo mabaki ya harufu. Hakupata kitu. Hewa iliingia na kutoka, baridi, tupu.

Akamwona Meneja anakunja pua, kisha anaivuta tai yake mpaka mdomoni. Akamwona Bi Marashi amejiziba kwa skafu ya sare yake. Kapteni alitoka chumbani kwake akikohoa, mkono usoni. Hivyo ndivyo Pua alivyojua kwamba imeingia, kwenye nyuso za watu, kama kiziwi anavyojua kwamba kuna mzaha kwa kuona wenzake wanacheka.

"Zima!" Meneja alipiga kelele. "Fungua mlango! Hii ndege haiendi popote mpaka hiyo injini ishushwe!"

Kapteni aligeuka akazima. Mlango ulifunguliwa, mwanga ukaingia, viatu vikapiga ngazi za chuma kwenda chini. Pua alibaki amekaa kiti cha katikati. Haukuwa ushujaa. Hakuna kitu mwilini mwake kilichomwambia aondoke.

Ni Bi Marashi aliyerudi. Alikuja kwa hatua za haraka, skafu mdomoni, akamkamata ukosi wa ovaroli.

"Toka."

"Ni kali?" Pua aliuliza. "Shemeji, niambie tu. Ni kali sana?"

Alimtazama kidogo. "Unatokwa na machozi," akasema.

Pua alidhani anamkejeli. Alipeleka mkono shavuni, ukarudi umelowa. Akajaribu shavu la pili, nalo limelowa mpaka kidevuni.

"Silii," alisema.

"Najua hulii," alisema Bi Marashi, akamvuta kwa ukosi mpaka mlangoni.